Mat Inakaguliwa, Meli Je?

Wasee, tuanze na kitu kila mtu anajua. Mat ikiwa na tairi zimeisha, breki zinalia na dereva hana leseni ya PSV, karao akiisimamisha hakuna abiria atasema anaonewa. Labda karao atakula kitu kidogo aiachilie, na hiyo ni stori ya siku nyingine, lakini kanuni yenyewe tunaikubali: gari linalobeba watu lazima likaguliwe. Tangu sheria za Michuki za 2004, hata mtoto wa darasa la tatu anajua mshipi na kidhibiti mwendo ni nini.

Sasa geuka uangalie baharini. Uko Likoni, umebanwa ndani ya feri na mikoba ya watu mbavuni, na meli ya mizigo ya urefu wa mita mia mbili na kitu inakatiza mlango wa bandari ikienda Kilindini. Unatoa simu, unapiga picha, unaweka stetasi. Lakini nani alijaribu usukani wa hiyo kitu? Nani aliwasha jenereta yake ya dharura akaona inashika? Nani alimuuliza aliyeshika zamu kule juu amelala saa ngapi?

Msimamo wangu ni huu: ukaguzi wa meli za kigeni bandarini ni mambo ya mtaa wetu. Si mambo ya watu wa suti na mikutano ya hoteli za Nyali. Na Kenya inafaa iufanye uwe mkali, na iufanye hadharani, matokeo yakiwekwa mahali ambapo mimi na wewe tunaweza kuyasoma kwa simu na bando ya shilingi ishirini.

Tuelewane kwanza

Kila meli inayosafiri kimataifa ina bendera. Nchi yenye hiyo bendera ndiyo inafaa kuhakikisha meli ni salama. Kwenye karatasi, inakaa poa. Shida ni kwamba mwenye meli anachagua bendera vile wewe unachagua laini ya simu, kwa kuangalia wapi ni rahisi. Leo Liberia, Panama na Visiwa vya Marshall peke yao wana zaidi ya asilimia 40 ya uwezo wote wa meli za biashara duniani. Usidhani kuna ofisi kubwa Monrovia imejaa mainjinia. Usajili wa meli za Liberia unaendeshwa na kampuni iliyoko Virginia, Marekani. Mongolia, nchi ambayo haina hata kipande cha ufuo, nayo inasajili meli.

Na tusiwacheke wengine tukasahau majirani. Mwaka 2018 Rais Magufuli alisimamisha usajili wa meli za kigeni Tanzania, baada ya meli zenye bendera hiyo kukamatwa mbali huko zikiwa na mihadarati na vifaa vya milipuko. Nchi yenye mabaharia wa tangu enzi za majahazi, jina lake likachafuliwa na vyombo ambavyo pengine havijawahi hata kuiona Dar.

Kwa hivyo dunia ikaweka mlinzi wa pili. Mwezi Machi 1978 meli ya mafuta ya Amoco Cadiz, bendera ya Liberia, ilipoteza usukani ikapanda miamba kule Brittany, Ufaransa, ikamwaga takriban tani 220,000 za mafuta. Wazungu walishtuka vizuri. Mwaka 1982 nchi 14 za Ulaya zikatia saini makubaliano ya Paris: hatutangoja nchi ya bendera, meli ikitia nanga kwetu tutapanda wenyewe tukague. Mpango ukaigwa sehemu nyingi duniani. Sisi wa Bahari Hindi tulipata wetu uliokubaliwa Pretoria 1998 na kuanza kazi Aprili 1999. Ndani yake kuna Kenya, Tanzania, Msumbiji, Afrika Kusini, Oman, India, Australia na wengine. Kwa Kenya, kazi iko mikononi mwa mamlaka ya baharini, KMA, na sheria ya meli ya 2009 inaipa meno.

Na meno yenyewe si ya plastiki. Mkaguzi anapanda na kuanza na vyeti. Halafu anazunguka. Akiona sababu ya kutilia shaka, anaingia ndani zaidi: anaambia mabaharia washushe mashua ya kuokolea, awaone kama wanajua au wanaangaliana. Anawasha pampu ya zimamoto. Anajaribu usukani wa dharura. Anaangalia vyakula, vyoo, mikataba ya mabaharia. Anafungua daftari la mafuta, ambalo kila tone la uchafu linafaa kuandikwa limeenda wapi. Akikuta kosa kubwa, meli haiondoki. Inazuiliwa palepale mpaka itengenezwe, na gharama ni za mwenye meli. Hata kama bendera ni ya nchi ambayo haijatia saini mkataba, haipati huruma zaidi ya wengine.

Sasa niambie. Lini mara ya mwisho ulisikia kwenye habari za saa moja kwamba meli imezuiliwa Kilindini kwa sababu pampu yake ya moto imekufa? Mimi napenda habari za bandari kuliko watu wengi wa rika langu na siwezi kukutajia moja. Nasikia makontena, nasikia rekodi za tani, nasikia nani ameteuliwa kwenye bodi. Ukaguzi ndio husikii.

Ni nini hasa kiko hatarini

Bandari ya Mombasa mwaka 2024 ilipitisha zaidi ya tani milioni 40 za mizigo. Hiyo ni unga, mafuta, magari, mitumba, mbolea, ya kwetu na ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Congo. Njia ya kuingilia ni moja. Na njia hiyo moja inakatwa na feri ya Likoni, ambayo hubeba watu karibu laki tatu kwa siku. Nchi ngapi duniani zimeweka umati wa namna hiyo kwenye mapito ya meli za kigeni kila siku ya Mungu?

Usiku wa tarehe 26 Machi 2024, meli ya makontena inayoitwa Dali, urefu wa mita 300, ilizima umeme ikitoka bandari ya Baltimore, Marekani. Ikagonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key na daraja lote likaanguka majini. Wafanyakazi sita waliokuwa wakiziba mashimo ya barabara wakafa. Uchunguzi ulipokamilika mwaka 2025, chanzo kilikuwa waya mmoja uliolegea, kwa sababu kikaratasi cha jina lake kilifungwa vibaya. Waya mmoja. Sasa chora meli hiyohiyo kwenye mlango wetu, saa moja asubuhi, feri ikiwa katikati.

Najua tayari kuna msee anaandika kwa komenti: "Lakini Dali ilikaguliwa!" Ni kweli. Ilikaguliwa Chile Juni 2023 ikapatikana na kasoro moja ndogo, ikakaguliwa New York Septemba 2023 ikapita. Ukaguzi haukuuona ule waya. Sawa. Daktari pia hukupima na asione kila kitu, na bado hujaacha kwenda hospitali. Ukaguzi ni safu moja ya ulinzi. Baltimore safu nyingine ilifanya kazi: rubani alitoa tahadhari, polisi wakafunga daraja ndani ya dakika chache na magari mengi yakaokoka. Sisi Likoni tuna dakika ngapi? Kama safu zako za mwisho ni nyembamba, ya kwanza lazima iwe nene.

Toka kwa ajali uje kwa uchafu. Sisi tunaijua harufu hiyo. Aprili 2005 meli ya mafuta ya Ratna Shalini ilimwaga mafuta ndani ya bandari yetu, na mikoko ya upande wa Port Reitz ikapakwa weusi. Waulize wavuvi wazee wa upande huo. Mafuta yakiingia kwenye mikoko hayatoki kwa ufagio. Yanashika mizizi, yanaua kaa, yanaua vifaranga vya samaki, na anayepoteza si meli. Anayepoteza ni mvuvi wa dau, halafu mama karanga anayekaanga hao samaki jioni, halafu wewe unayenunua vipande vya hamsini.

Na safari hii tuna cha kupoteza zaidi. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakiuza hewa ya kaboni kutokana na mikoko yao kwa zaidi ya miaka kumi. Pesa zinaingia kwenye maji na shule za kijiji. Meli moja bovu, siku moja ya kusi, na hiyo kazi ya miaka yote inageuka lami.

Angalia majirani zetu wa bahari hii. Tarehe 25 Julai 2020 meli ya Wakashio, ya mwenye Mjapani na bendera ya Panama, ilipanda mwamba Mauritius. Uchunguzi wa Panama ulisema meli ilisogezwa karibu na nchi kavu ili watu wapate mtandao wa simu. Takriban tani 1,000 za mafuta zikamwagika. Wananchi, vijana kama sisi, wakashona vizuizi vya majani ya miwa na nywele zilizokatwa saluni, wakaingia majini na mikono yao.

Na hapa pana jambo muhimu. Wakashio haikuwa inaenda Mauritius. Ilitoka Singapore kuelekea Brazil. Mauritius haikuwa na nafasi ya kupanda na kuikagua. Kwa hivyo usalama wa ufuo wako unategemea mkaguzi wa bandari ya mwenzako, na wa mwenzako unategemea wako. Meli ikipita Mombasa bila kuguswa, ikaenda kuharibikia Comoro au Pemba, sisi tutakuwa mlango ulioachwa wazi.

Mwaka uliofuata, Mei 2021, X-Press Pearl ikashika moto nje ya Colombo, Sri Lanka. Hii haikuwa kigari cha zamani, ilikuwa meli mpya ya miezi michache. Shida ilikuwa kontena la asidi lililokuwa linavuja. Meli iliomba kulishusha Qatar, ikakataliwa. Ikaomba India, ikakataliwa. Kila bandari ikasukumia mwenzake, mpaka Sri Lanka ikapokea msiba: karibu tani 1,680 za punje za plastiki zikatapakaa ufuoni kama mchele uliomwagika. Julai 2025 mahakama ya juu ya nchi hiyo iliamuru fidia ya dola bilioni 1. Kuamuru ni jambo moja na kulipwa ni lingine.

Sasa linganisha. Hapa kwetu, tangu Agosti 2017, ukikutwa na mfuko wa plastiki unaweza kupigwa faini ya hadi milioni nne au jela miaka minne. Na mimi naunga mkono hiyo sheria. Lakini sheria inayomkimbiza muuza mboga na mfuko mmoja, halafu inanong'ona mbele ya meli yenye plastiki ya kujaza mtaa mzima, hiyo ni sheria inayoogopa wakubwa.

Stori ya Beirut, ambayo ilikuwa ije kwetu

Hii ndiyo inayonikosesha usingizi. Mnakumbuka mlipuko wa Beirut wa 4 Agosti 2020? Ile video kila mtu alishea? Watu zaidi ya 200 walikufa. Mzigo uliolipuka, tani 2,750 za amonia naitreti, ulifika Lebanon kwa meli kuukuu ya Rhosus, bendera ya Moldova. Na unajua ilikuwa inaenda wapi? Beira, Msumbiji. Bahari hii yetu.

Rhosus ilikaguliwa Seville, Uhispania, Julai 2013, ikakutwa na kasoro 14 na kuzuiliwa. Ikarekebishwa kidogo, ikaondoka. Novemba ikaingia Beirut, wakaguzi wa huko nao wakasema hii haiwezi kusafiri. Mpaka hapo ukaguzi ulifanya kazi yake. Kilichofuata ndicho kilichoua watu. Mwenye meli aliwatelekeza mabaharia na mzigo. Mzigo ukashushwa ghala la bandarini, ukakaa miaka sita, barua zikiandikwa, faili zikizunguka, kila ofisi ikisema ni ya ofisi nyingine. Mkazi wa Beirut aliyekuwa anakunywa kahawa barazani hakujua amekaa jirani na bomu, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Ndiyo maana nikisema ukaguzi, sitaki uishie kwa mkaguzi kuandika fomu. Ripoti iliyofungiwa kabatini haijamlinda mtu yeyote.

"Utapandisha bei ya kila kitu"

Hoja yenu kubwa, na mimi huwa naisoma: ukikaza ukaguzi meli zitachelewa, zitahamia bandari nyingine, unga utapanda. Wacha tuichambue polepole.

Kwanza, meli inakaguliwa ikiwa gatini, kreni zikiendelea kushusha. Mkaguzi hasimamishi kreni. Pili, sheria ya kimataifa yenyewe inakataza kuchelewesha meli bila sababu, na mwenye meli akionewa anaweza kudai fidia. Tatu, huhitaji kukagua kila meli. Ulaya ilianza kwa lengo la kila nchi kukagua robo ya meli zinazoingia, halafu kuanzia 2011 wakabadilisha: meli yenye rekodi safi inaachwa ipumue, yenye rekodi chafu inafuatwa kila mara. Meli nzuri haipotezi kitu. Anayeumia ni yule aliyeokoa pesa kwa kutotengeneza pampu, halafu akamnyang'anya mteja yule aliyetengeneza. Bandari isiyokagua inamlipa mchafu.

Na kuhama? Australia iko kwenye makubaliano haya haya ya Bahari Hindi. Inazuilia meli, inachapisha majina yake kila mwezi, na nyingine inazipiga marufuku kurudi kwa miezi kadhaa. Sijasikia meli zimeisha Australia. Uingereza nayo hutoa orodha. Wanaweka jina la meli, bendera, kampuni na kosa, peupe kabisa. Sisi tukiulizwa tunasema ni mambo nyeti ya kibiashara.

Ukitaka kujua gharama ya kweli, hesabu siku ambazo mlango wa Kilindini utafungwa kwa sababu ya meli iliyozama ndani yake. Baltimore ilichukua kama wiki kumi na moja kufungua njia yote. Wiki kumi na moja bila Mombasa, unga utakuwa bei gani Kampala? Utakuwa bei gani Githurai?

Na wale walio ndani ya meli

Ukaguzi pia ni wa binadamu. Kenya iliridhia mkataba wa kazi za mabaharia mwaka 2014. Unasema baharia apate angalau saa kumi za kupumzika ndani ya saa 24, alipwe kwa wakati, ale chakula cha mtu. Jirani yetu mtaani amefanya kazi melini miaka mingi. Anasema kuna kampuni moja aliyoitumikia ambapo daftari la mapumziko lilijazwa mwisho wa mwezi, kila mtu akiwa amelala saa kumi sawasawa kama roboti, na mwili unajua ulilala nne. Nilidhani ni stori za kijiweni mpaka nikasoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Bahari cha Dunia, Malmö, wa 2020, unaosema kurekebisha hizo rekodi ni mazoea ya kawaida.

Mwaka 2024 shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa usafiri lilihesabu meli zaidi ya 300 zilizotelekezwa duniani, na mabaharia zaidi ya 3,000 ndani yake. Bila mishahara, wakati mwingine bila maji. Halafu kila mwaka tunawaambia vijana wa Pwani waende Bandari Maritime Academy, kazi ziko baharini. Sawa, waende. Lakini mtoto wa Kisauni atakayepanda meli ya bendera ya kukodi anastahili kujua kwamba kuna bandari zitakazofungua lile daftari na kuuliza maswali. Tukitaka watoto wetu wakaguliwe vizuri kwingine, tuanze kuwakaguliwa wao hapa kwetu.

Ninachodai

Moja, orodha. Kila mwezi, KMA itoe majina ya meli zilizokaguliwa na zilizozuiliwa Mombasa na Lamu: jina, bendera, mwenye meli, kosa, na siku iliyoachiliwa. Kwa Kiswahili na Kiingereza. Mtandao wa Bahari Hindi una kumbukumbu zake, lakini mama karanga wa Mtongwe hawezi kuambiwa akatafute kwenye mfumo wa kimataifa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya habari iliyo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaeleza namna ya kuiomba. Hatuombi msaada hapa.

Mbili, wakaguzi. Waajiriwe wa kutosha, walipwe vizuri, wapande wawili wawili. Mfereji wa Suez mabaharia wameupa jina la utani la sigara, kwa sababu ya idadi ya pakiti zinazotolewa kama zawadi. Sitaki Kilindini ipewe jina la chochote. Simtuhumu afisa yeyote. Nasema tu kwamba mtu anayesimamia meli ya mabilioni akiwa na mshahara wa kuhesabu, tumemweka kwenye mtihani ambao sisi wenyewe hatungependa kufanya.

Tatu, anayetoa siri alindwe na alipwe. Kuna ujanja wa baharini unaitwa bomba la kichawi: meli inatakiwa kuchuja mafuta kutoka maji ya ngama kabla ya kuyamwaga, lakini injinia anaunganisha bomba la pembeni, uchafu unaenda moja kwa moja baharini usiku, na daftari linaandikwa safi. Mwaka 2016 kampuni ya Princess Cruises ilikubali kulipa dola milioni 40 Marekani kwa kosa hilo. Waligunduliwaje? Injinia mpya alipiga picha, akaacha kazi, akaripoti. Mahakama ikampa dola milioni 1. Hakuna mkaguzi wa dunia hii anayeona usiku wa bahari kuu kuliko yule aliye ndani ya injini. Weka zawadi kwenye sheria yetu uone watakaojitokeza.

Nne, tukinyimwa, twende kortini. Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kushtaki bila kuthibitisha kwamba umepata hasara tayari. Soma tena: bila kungoja mafuta yafike ufuoni.

Wewe sasa

Usiniambie "serikali ifanye kitu" halafu uskroli. Kila meli ina namba ya IMO ya tarakimu saba, imeandikwa kwenye mwili wake na haibadiliki hata ikibadilisha jina na bendera mara kumi. Kuna tovuti inaitwa Equasis, ni ya bure, unajisajili tu. Weka namba, utaona umri wa meli, mwenye nayo, bendera alizovaa, mara alizokaguliwa na mara alizozuiliwa. Nimeifanya kwa simu nikiwa kwenye foleni ya feri.

Kwa hivyo changamoto yangu ya mwezi huu ni hii. Wale wa Likoni, Mtongwe, Ganjoni, Mama Ngina, mkipiga picha ya meli ikiingia, msiishie kwa machweo na wimbo. Tafuteni namba yake. Angalieni rekodi yake. Wekeni yote mawili, picha na rekodi, na muitagi mamlaka muulize swali moja tu kwa heshima: hii mliipanda? Tukiwa kumi watatupuuza. Tukiwa elfu moja, kila siku, meli kwa meli, kuna mtu ofisini atalazimika kuwa na jibu.

Wa Nairobi msijitoe. Simu unayosomea hii posti ilikuja wapi na vipi? Mafuta ya mat yako je?

Naanza mimi kesho asubuhi, feri ya kwanza. Wewe utaanza na meli gani?